Mwongozo kamili: Kuchunguza vimeng'enya vinavyofunga kaboni kwenye jani, kuanzia bustani ya shule hadi maabara

Mwanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) akiulizwa nini kinaamua kasi ya usanisinuru, atataja mwanga, maji, joto na kaboni dayoksaidi, na atapewa alama zake. Vyote hivyo viko nje ya jani. Ndani kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vinavyofunguliwa jua likichomoza na kufungwa giza likiingia, na sehemu hiyo wengi wetu tunaifundisha kwa kukaririsha duara lenye mishale. Mwongozo huu unakupa majaribio ya kuifikia kwa vitu vinavyopatikana katika mji wowote wa Uganda. Sehemu ya "Ukipata maabara" tu ndiyo inayohitaji maabara ya kweli.

Tuanze na nadharia kidogo, ya kutosha kukufanya ujue unatafuta nini.

Kinachotokea ndani ya jani

Kaboni dayoksaidi huingia kupitia stomata, vile vitundu vidogo vya jani, ikayeyuka kwenye maji ya seli na kufika kwenye stroma, yaani ute ulio ndani ya kloroplasti. Humo inanaswa na kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho huiunganisha na sukari ya kaboni tano, RuBP; huko ndiko kufunga kaboni. Zinatoka molekuli mbili za PGA, kila moja ikiwa na kaboni tatu. Kisha ATP na NADPH, vibeba nishati vilivyotokana na mwanga, huigeuza PGA kuwa sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo hurudi kuunda RuBP upya. Hesabu yake ni kali: kwa kila kaboni dayoksaidi tatu jani hutumia ATP 9 na NADPH 6, na faida inayobaki ni sukari moja ndogo ya kaboni tatu. Njia hii ilichorwa California na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham kwa kutumia mwani na kaboni-14. Nobel ya kemia ya mwaka 1961 alipewa Calvin peke yake, ndiyo maana wapo wanaosisitiza kuliita duara la Calvin na Benson.

Rubisko ni mvivu. Vipo vimeng'enya vinavyofanya kazi mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, lakini hiki hukamilisha kama mara tatu tu. Jani hufidia kwa wingi: katika mimea kama maharagwe, rubisko inaweza kufikia hadi nusu ya protini yote inayoyeyuka ndani ya jani. Tena hukosea. Mara kwa mara hunasa oksijeni badala ya kaboni dayoksaidi, na jani likalazimika kutumia nguvu kurekebisha kosa hilo huku likipoteza kaboni iliyokwisha kufungwa. Joto likipanda, makosa huongezeka.

Sasa kufuli zenyewe, yaani vinavyowasha na kuzima vimeng'enya hivi, na ni zaidi ya moja.

Ya kwanza iko kwenye rubisko. Ili ifanye kazi, lazima molekuli moja ya kaboni dayoksaidi (tofauti na ile itakayofungwa) ikae kwenye asidi amino ya laisini, kisha ayoni ya magnesiamu iishikilie. Mwanga ukiwaka, protoni huhamishwa kutoka stroma, pH ya stroma hupanda kutoka karibu 7 hadi karibu 8, magnesiamu nayo huongezeka, na hali ya kufungua kufuli inakuwa tayari.

Ya pili ni ujanja zaidi. RuBP yenyewe inaweza kung'ang'ania kwenye rubisko ambayo haijaandaliwa na kuiziba, sawa na ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Fundi wa kuuchomoa ni kimeng'enya kingine, rubisko aktivesi, kilichoelezwa mwaka 1985. Hula ATP na hakipendi joto. Kumbuka hilo la joto, tutalirudia.

Ya tatu haihusu rubisko moja kwa moja. Elektroni zinazosukumwa na mwanga hupita kwenye protini ya ferredoksini hadi protini ndogo ya thioredoksini, nayo hukata viungo vya salfa kwenye vimeng'enya vingine vya duara, hasa FBPase, SBPase, PRK na GAPDH. Vikikatwa viungo hivyo, vinafunguka. Giza likiingia viungo vinarudi, na protini iitwayo CP12 inazifunga PRK na GAPDH pamoja zisifanye kazi. Isingekuwa hivyo, usiku jani lingekuwa linavunja wanga kwa mkono mmoja na kuchoma ATP kuujenga upya kwa mkono mwingine.

Vifaa

Bomba la sindano la 20 ml lisilo na sindano, kutoka duka la dawa. Panchi ya karatasi, au mrija mgumu wa soda kama panchi hakuna. Soda ya kupikia yenye bikaboneti ya sodiamu pekee. Soma pakiti, maana poda ya keki huchanganywa na asidi na wanga na itaharibu kila kitu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vikombe vya plastiki vinavyopitisha mwanga, karatasi ya alumini, kipimajoto, wembe mpya, iodini ya maabara, spiriti na taa ya LED yenye nguvu. Jua la mchana ni bora kuliko taa, ila mawingu hubadilika na matokeo yakabadilika nayo. Ukiamua kutumia taa, chaji betri mapema, umeme una tabia zake.

Kwa majani, chukua kunde. Ni laini, halina manyoya mengi, na panchi inalikata vizuri. Jani la boga lina manyoya yanayoshika mapovu ya hewa, liache. Sukuma wiki lina nta na huchelewa kuzama, lakini ukikosa kunde litafaa.

Jaribio la kwanza: viduara vinavyoelea

Hili ndilo msingi wa mawili yanayofuata, kwa hiyo lifanye hadi mkono uzoee.

Tia moja ya nane ya kijiko cha chai cha soda kwenye 300 ml za maji, ukoroge, kisha ongeza tone moja la sabuni. Tone moja tu. Likitokea povu, mwaga uanze upya, kwa sababu povu hushikilia viduara juu ya maji na kukudanganya. Kata viduara 10 vya jani la kunde ukikwepa mshipa mkubwa wa kati. Vitie ndani ya bomba la sindano, rudisha pistoni polepole bila kuviponda, vuta 5 ml za mchanganyiko na utoe hewa iliyobaki. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba, vuta pistoni kwa nguvu na uishikilie kwa sekunde kumi, kisha iachie. Utaona vipovu vidogo vikichomoka kwenye kingo za viduara. Hiyo ni hewa iliyokuwa kati ya seli, na maji ya soda yanaingia mahali pake. Rudia mara mbili au tatu hadi viduara vyote vizame. Ukivuta mara nyingi mno utavunja seli. Kiduara kilichogeuka kijani kizito chenye majimaji hakifai tena.

Mimina kila kitu kwenye kikombe, ongeza mchanganyiko hadi kina cha sentimita tatu, weka chini ya mwanga. Kila dakika tikisa kikombe taratibu na uhesabu vilivyopanda. Usanisinuru ukienda vizuri, oksijeni hujikusanya ndani ya kiduara na kukiinua. Andika dakika ambayo kiduara cha tano kinaelea. Namba hiyo ndiyo utakayolinganisha, kwa sababu cha mwisho mara nyingi ni kile kilichojeruhiwa na panchi.

Weka kando kikombe cha pili chenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye tone la sabuni lakini bila soda. Mwanga ni uleule, jani ni lilelile, ila viduara vitakaa chini muda mrefu. Rubisko ipo tele humo, imekosa cha kushika. Na kwa kuwa duara limekwama, NADPH haitumiki, na hata mitambo ya mwanga inapunguza kasi ya kutoa oksijeni. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho kwamba sehemu ya mwanga na sehemu ya kaboni zinashikana. Vitabu vingi huziweka kwenye kurasa mbili tofauti kana kwamba hazijuani.

Jaribio la pili: kufuli za usiku

Jioni, funika jani moja la kunde kwa karatasi ya alumini likiwa bado kwenye mmea. Kesho yake saa nne asubuhi, jani jirani litakuwa limepata jua kwa saa kadhaa. Kata viduara 10 kutoka kila jani, lile la gizani ukilikata ndani ya chumba chenye mwanga hafifu na kwa haraka. Zamisha makundi yote mawili, yaweke chini ya mwanga kwa wakati mmoja, anza kuhesabu.

Tarajia viduara vya gizani kuchelewa kuanza, kisha vikishaanza vishike kasi. Mtu atasema ni stomata zilizokuwa zimefungwa. Kwa jani zima angekuwa na hoja, kwani stomata nazo huchukua muda kufunguka. Lakini hapa tumeusukuma mchanganyiko wa soda hadi ndani kati ya seli, hivyo mlango wa stomata hauhusiki. Unachosubiri ni thioredoksini ikate viungo vya salfa, jambo la dakika chache, na aktivesi iandae rubisko, ambayo huchukua muda zaidi. RuBP nayo lazima ijazwe upya.

Usikate tamaa tofauti ikiwa ndogo mara ya kwanza. Kosa la kawaida ni kuchukua muda mrefu kuzamisha viduara kwenye meza iliyo karibu na dirisha, kufuli zikafunguka kabla hujaanza kuhesabu. Funga pazia.

Jambo hili lina uzito shambani. Ndani ya lusuku, yaani shamba la migomba, jani la kahawa lililo chini ya migomba hupata jua kwa vipande: dakika mbili za mwanga mkali, kisha kivuli, kisha mwanga tena. Kila mwanga unaporudi baada ya kivuli kirefu, jani hupoteza sehemu yake likisubiri vimeng'enya viamke.

Jaribio la tatu: joto

Andaa beseni tatu za maji: nyuzi 25, 35 na 42 za Selsiasi. Usipite 45, kwani hapo utando wa kloroplasti wenyewe huanza kuharibika na hutajua unapima nini. Acha mchanganyiko wa soda ufikie joto la beseni, ndipo utie viduara.

Kuna mtego hapa. Maji yanapopata joto hutoa gesi iliyoyeyuka ndani yake, na vipovu hivyo huweza kuinua kiduara ambacho hakijafanya kazi yoyote. Kwa hiyo kila joto liwe na vikombe viwili, kimoja kwenye mwanga na kingine kimefunikwa kwa alumini. Vikielea hata vya gizani, punguza idadi hiyo kwenye hesabu yako. Bila kikombe cha giza, jaribio hili ni bure.

Kati ya 25 na 35 kasi huenda ikapanda kidogo au ikabaki palepale. Kwenye 42 itashuka. Mwanafunzi mwepesi atajibu, "vimeng'enya vimeungua." Si rubisko: yenyewe ni ngumu na huvumilia joto lililo juu ya hapo. Aktivesi ndiyo inayolegea mapema, na katika mazao kama pamba hali hiyo huanza kuonekana joto la jani likipita nyuzi 35 hivi. Rubisko inabaki nzima lakini imeziba. Halafu kuna lile kosa la kunasa oksijeni, ambalo kwenye hewa ya kawaida lingeongeza hasara. Hapa soda imejaza kaboni dayoksaidi nyingi, hivyo kosa hilo limebanwa na unaona zaidi upande wa aktivesi.

Jaribio la nne: mahindi na pete za wanga

Chuma jani la mahindi na la kunde saa tisa alasiri, siku yenye jua. Yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Kisha yatie kwenye spiriti ndani ya kikombe kilichokaa kwenye maji ya moto, jiko likiwa limezimwa. Spiriti na moto havikai pamoja. Na kwa watakaouliza: waragi, pombe kali ya hapa, haitoshi, nguvu yake ni ndogo na klorofili itang'ang'ania. Majani yakiwa meupe yasuuze, tandaza, dondoshea iodini.

Jani la kunde litageuka bluu-nyeusi karibu kote. Kwenye la mahindi tazama kwa lenzi, au bora zaidi, kata vipande vyembamba kwa wembe ukishikilia jani kati ya vipande viwili vya karoti, uviweke chini ya hadubini. Weusi umejipanga kuzunguka mishipa. Seli kubwa zinazouzingira kila mshipa zimejaa wanga, na zile zilizo katikati ya mshipa na mshipa, mara nyingi mbili tu, hazina.

Unachokiona ni mgawanyo wa kazi. Kwenye seli za nje mahindi hutumia kimeng'enya kingine, PEP kaboksilesi, ambacho hakidanganywi na oksijeni. Kinatengeneza asidi ya kaboni nne, asidi hiyo inasafirishwa hadi seli za pete, inaachia kaboni dayoksaidi, na rubisko iliyofungiwa humo inaipokea ikiwa nyingi kiasi kwamba oksijeni haipati nafasi. Marshall Hatch na Roger Slack walieleza njia hii Australia mwaka 1966 wakitumia miwa, na ndiyo inayoendesha mashamba ya Kakira na Kinyara hadi leo. Mtama wa Karamoja, ulezi wa Teso na dodo (mchicha) la bustanini viko kundi hilo, liitwalo mimea ya kaboni nne. Matooke, muhogo, viazi, maharagwe na kahawa haviko.

Njia hii ina kufuli zake. PEP kaboksilesi ya mahindi hutiwa fosfeti mchana ili isizuiwe na asidi ambayo yenyewe husaidia kuitengeneza. Kimeng'enya cha PPDK, kinachorudisha PEP (kiwanja cha kaboni tatu ambacho kaboni huunganishwa nacho), nacho hufunguliwa na mwanga, na ni dhaifu kwenye baridi. Hiyo ni sababu mojawapo ya mahindi kuwa mavivu asubuhi za baridi za Kabale huku viazi vikiendelea.

Ukitaka kuwachanganya wanafunzi, walete kwenye kinamasi cha Lubigi na uwaonyeshe mafunjo. Tunawaambia mimea ya kaboni nne ni ya nchi kavu na joto, na mafunjo, yaliyosimama ndani ya maji, ni ya kaboni nne. Waache wabishane.

Jaribio la tano: nanasi usiku

Wanaoishi karibu na mashamba ya Luweero au Kayunga wana bahati. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijashika, kata gramu 10 za jani la nanasi. Saa kumi na moja jioni kata gramu 10 nyingine kutoka mmea uleule. Kila fungu liponde kwenye kinu mara baada ya kulikata, pamoja na 50 ml za maji yaliyochemshwa na kupozwa, lichuje, tia matone matatu ya fenolfthaleini (kionyeshi cha asidi na besi), kisha dondosha haidroksidi ya sodiamu ya 0.01 M hadi rangi ya waridi ibaki. La asubuhi litameza nyingi zaidi.

Nanasi hufungua stomata usiku ili lisipoteze maji. PEP kaboksilesi hunasa kaboni gizani na kuihifadhi kama asidi maliki. Mchana stomata zikiwa zimefungwa, asidi inavunjwa na rubisko inafanya kazi yake. Tazama tofauti na mahindi: kimeng'enya cha aina ileile, fosfeti ileile, lakini kwa nanasi hutiwa usiku. Ukikosa nanasi, mshubiri unafaa, ingawa ute wake unasumbua kuchuja.

Ukipata maabara

Saga gramu moja ya jani la kunde kwenye bafa baridi ya pH 8, ndani ya barafu, zungusha kwenye sentrifuji, kisha pitisha maji ya juu kwenye jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa. Ukitia rangi ya Coomassie, mkanda mmoja mnene wa karibu kDa 55 (kipimo cha uzito wa protini) utafunika mingine yote, na mwingine wa karibu kDa 15 chini. Hizo ni sehemu kubwa na ndogo za rubisko, nane kwa nane katika kila molekuli. Kwa dodo mkanda huo ni mwembamba zaidi kwa kiasi kilekile cha protini, kwani mmea wa kaboni nne hauhitaji rubisko nyingi.

Kupima kasi yenyewe, tumia njia ya NADH (molekuli ndugu ya NADPH), ukifuatilia kwa mwanga wa nanomita 340 inavyopungua, ambapo kila kaboni iliyofungwa hutumia NADH mbili. Gawanya sampuli mara mbili. Moja ipime mara moja. Nyingine ikae kwanza dakika 10 pamoja na bikaboneti 10 mM na magnesiamu 20 mM. Uwiano wa kasi ya kwanza kwa ya pili unakuambia sehemu gani ya rubisko ilikuwa imefunguliwa jani lilipochumwa. Jani la mchana na la usiku wa manane yatakupa majibu tofauti, ila lazima uyagandishe kwa naitrojeni ya maji papo hapo. Ukilibeba kwenye boda hadi maabara ndani ya mfuko wa plastiki, utakuwa unapima safari.

Kwa mwenye shamba

Naitrojeni nyingi ya jani iko ndani ya protini, rubisko ikiwemo, kwa hiyo mahindi au matooke yenye njaa ya naitrojeni huvunja kimeng'enya hiki kwenye majani ya zamani na kuipeleka naitrojeni yake juu. Ukiona majani ya chini yanageuka njano yote kwa pamoja, ndicho kinachoendelea. Yakiwa njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, shuku magnesiamu.

Kivuli cha mti wa mutuba juu ya kahawa hupunguza joto la jani wakati wa saa za mchana mkali, aktivesi ikabaki kazini. Kikizidi, unaikosesha mwanga wa kufungulia kufuli. Matandazo husaidia kwa njia nyingine: mmea wenye maji haufungi stomata mapema, na kaboni dayoksaidi ndani ya jani haishuki hadi oksijeni ichukue nafasi.

Kuhusu palizi ya maharagwe, usingoje kiangazi. Magugu ya lumbugu na ndago yote ni ya kaboni nne. Katika wiki zenye mawingu na mvua yanakwenda sare na maharagwe, lakini jua likikaza na udongo ukianza kukauka, rubisko ya maharagwe inapoteza kaboni huku yao ikiwa imefungiwa salama kwenye pete. Palilia mara ya kwanza wiki mbili au tatu baada ya kuota, na ya pili kabla ya maua.